Wasomaji Wanauliza: Canon 2000D Inamfaa Anayeanza?

Barua za mwezi huu zimejaa maswali ya kamera ya kwanza. Nimechagua nne. Ya binti wa Tanga nimeijibu kwa urefu kwa sababu imebeba maswali ya wengi walioniandikia.

Shikamoo Mama. Nina miaka 23, naishi Tanga. Nimekuwa nikipiga picha za shughuli za mtaani kwa simu na watu wameanza kunilipa. Nimedunduliza milioni moja na nusu. Dukani wananishauri nichukue Canon EOS 2000D mpya, megapikseli 24, na lenzi yake ya 18-55. Kaka yangu anasema hiyo ni kamera ya kuchezea watoto, nitachekwa. Nataka kupiga harusi, vichen pati na mahafali, na baadaye nifanye video. Ninunue au nisubiri?
*Binti wa Ngamiani, Tanga*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kudunduliza. Maneno ya kaka yako yaache yapite. Mteja akikabidhiwa albamu anamtafuta mama yake kwenye picha, anaangalia kama shela limekaa vizuri. Jina lililoandikwa kwenye kamera halimhusu. Ila swali lako la kununua au kusubiri ni la msingi, na jibu lake halimo kwenye megapikseli.

Tuanze na hizo megapikseli ili tuzimalize. Kamera hii ilitoka mwaka 2018. Picha yake kamili ina nukta 6000 kwa 4000, na ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi unapata inchi 20 kwa 13, kubwa kuliko karatasi ya A3. Kwa albamu na picha ya kutundika sebuleni hiyo inatosha kabisa. Sensa yake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni milimita 22.3 kwa 14.9, kubwa mara kadhaa kuliko ya simu yako. Mahafali uwanjani, familia nje ya kanisa baada ya ubarikio, wazee wamekaa barazani saa kumi jioni: kazi zote hizo 2000D itazifanya vizuri, na hutaona haya kuzionesha.

Lakini kazi yako haitakuwa ya mchana peke yake. Kadi ya sendofu inasema saa kumi na mbili jioni, bibi harusi anaingia saa tatu usiku, MC ameshaagiza taa kubwa zizimwe na DJ amewasha za zambarau. Hapo ndipo kamera ya anayeanza inapimwa, na nataka uipime hivyo kabla hujatoa pesa.

Shika lenzi mkononi usome maandishi yake. 2000D inauzwa na lenzi mbili zinazofanana sana kwa macho. Moja imeandikwa 18-55mm 1:3.5-5.6 IS II (18 inaona upana, 55 inavuta karibu). Nyingine inaishia na III, bila herufi IS. Wengi wanadhani ya tatu ndiyo mpya kwa hiyo ndiyo bora, na muuzaji hana sababu ya kuwatoa kwenye dhana hiyo. IS ni kituliza mtikisiko. Lenzi yenye IS ina swichi ndogo ubavuni iliyoandikwa STABILIZER. Isiyo nayo, kwenye mwanga hafifu, keki na meza ya zawadi vitatoka vimetikisika mkono wako ukicheza kidogo tu. Duka likiwa nazo zote mbili, dai yenye IS hata kama utaongeza hela kidogo.

Hata hivyo IS inatuliza mkono wako wewe, haimtulizi anayecheza. Kwa anayecheza unahitaji mwanga mwingi uingie, na lenzi hii ukiivuta hadi 55 tundu lake, yaani mlango wa mwanga, linaishia f/5.6; namba ya f ikiwa ndogo, mlango ni mkubwa. Canon wana lenzi ndogo ya 50mm f/1.8, iliyoandikwa STM, ambayo ni miongoni mwa lenzi zao za bei nafuu kabisa. Tundu lake likifunguka lote linapitisha mwanga karibu mara kumi ya ule wa 18-55 ikiwa imevutwa. Maana yake ni hii: pale ambapo lenzi ya kwanza inataka sekunde 1/15, na mkono wa bibi harusi anayepunga unageuka ukungu, hii ya 50 inakwenda karibu na 1/125 na vidole vyenye hina vinahesabika. Ningependa uingie ukumbini na lenzi hii kuliko uingie na kamera ya gharama kubwa zaidi yenye 18-55 peke yake.

Ina masharti yake. Kwenye kamera kama 2000D, 50mm inabana, inaona kama lenzi ya 80mm kwenye kamera ya sensa kubwa. Chumba cha kumpambia bi harusi kikiwa kidogo utagota ukutani na bado hujamuingiza mzima. Hapo rudisha 18-55. Na ukifungua hadi f/1.8 kwa maharusi wawili, mmoja atakuwa mkali na mwingine amefifia. Funga hadi f/2.8 au f/4, uwapange waegemeane mstari mmoja.

Sasa itazame kamera juu, pale pa kuchomekea flashi. Kamera nyingi zina vidoti vya chuma hapo, na kimoja kikubwa katikati. Canon walikiondoa hicho cha katikati kwenye matoleo yao ya bei ya chini, 2000D ikiwemo, na 4000D na 250D pia. Flashi za Canon wenyewe zinawaka bila shida kwa sababu zinatumia vidoti vingine. Lakini flashi za bei rahisi zinazotegemea kidoti cha katikati, pamoja na triga nyingi, yaani vifaa vya kuwasha taa za studio kwa mbali, hazitawaka hata ufanyeje. Jambo hili dukani halisemwi, na kwa mtu anayetaka harusi ni kubwa kuliko idadi ya megapikseli. Nenda na flashi utakayotumia, au iazime kwa mpiga picha mwenzako. Ichomeke, bonyeza, uione inawaka. Muuzaji akikwambia "itakubali tu", mwombe akuoneshe ikikubali.

Nakusisitizia flashi ya juu kwa sababu ile inayochomoka kwenye kamera yenyewe inammulika mtu usoni kama tochi ya mlinzi: paji la uso linang'aa, nyuma yake giza tupu. Flashi ya kuchomeka inageuzwa kichwa, unaielekeza dari, mwanga unarudi umelainika. Angalia tu dari iwe nyeupe. Ukumbi ukiwa umevalishwa vitambaa vya zambarau hadi juu, sura zote zitarudi zambarau. Hapo tafuta ukuta mweupe wa pembeni, au weka kikadi cheupe nyuma ya kichwa cha flashi.

Kuna jaribio jingine ambalo ningekutaka ulifanye hapo hapo dukani. Mwombe rafiki yako avae nguo nyeupe, apige hatua mbili kutoka ukutani, nawe umpige kwenye modi ya Av, ile ambayo wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na ngozi yetu nyeusi inatoka nzito, macho hayaonekani. Shikilia kitufe cha Av+/- huku ukizungusha gurudumu, uongeze mwanga hatua moja. Piga tena, linganisha. Nataka vidole vyako vijifunze hilo bila kuangalia, kwa sababu maharusi hawatakusubiri. Hapa ndipo udogo wa 2000D unapoonekana. Ina gurudumu moja tu, kwa hiyo ukiwa kwenye modi ya M, unapopanga kila kitu mwenyewe, inakubidi ushikilie kitufe ili ubadilishe tundu la lenzi. Inazoeleka, lakini inachelewesha. Inapiga picha tatu kwa sekunde, na katika sehemu zake tisa za fokasi, yaani za kulengea ukali wa picha, ni ya katikati pekee yenye nguvu gizani. Usiku weka fokasi kwenye hiyo ya katikati, lenga jicho, bonyeza nusu, kisha panga picha yako.

Kuhusu video nitasema bila kuzunguka: kwa video ya kulipwa, usiinunue. Inarekodi 1080p, sawa, lakini fokasi haimfuati mtu wakati unarekodi, na haina tundu la kuchomekea maikrofoni. Hotuba ya baba mzazi utaipata imechanganyika na jenereta na vijiko. Na rekodi moja haipiti dakika 29 na sekunde 59.

Kwa hiyo uamuzi wangu. Ungekuwa umeniambia picha tupu, mchana zaidi kuliko usiku, ningesema chukua 2000D yenye lenzi ya IS, ongeza 50mm, anza kazi. Lakini umetaja harusi na video. Kwa hizo, kwa pesa hiyo hiyo, tafuta Canon 700D ya mtumba iliyo safi. Ni ya mwaka 2013, ina megapikseli 18, na kaka yako atasema umerudi nyuma. Ila ina kidoti cha flashi katikati, ina tundu la maikrofoni, skrini yake inafunguka pembeni na inakubali kuguswa, inapiga tano kwa sekunde, na sehemu zake zote tisa za fokasi ni za nguvu. Hizo ndizo pesa zinazofanya kazi. Chenji inunulie 50mm, betri ya pili na memori kadi mbili.

Wakikushusha hadi 4000D kwa sababu ni rahisi zaidi, kataa. Pale lenzi inaposhikana na kamera ni plastiki badala ya chuma, skrini ni ya inchi 2.7 na haioneshi vizuri, na kwa bei wanayokupunguzia unapoteza mengi mno. Na ukikutana na kamera iliyoandikwa Rebel T7 au 1500D, usiongezwe bei: ni 2000D ile ile, Marekani na Asia wanaiita hivyo.

Asalaam aleikum dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Likoni. Kuna jamaa ananiuzia Nikon D3500 aliyoitumia kidogo, pamoja na lenzi ya 50mm f/1.8D. Nataka kupiga picha za wanafunzi, michezo na maulidi. Anasema hii ni bora kuliko Canon zote za bei yake. Ni kweli?
*Mwalimu, Likoni, Mombasa*

Waaleikum salaam kaka. Kamera anayokuuzia ni nzuri, na mimi mwenyewe ningeishika kabla ya 2000D. Ilitoka mwaka huo huo wa 2018, ina megapikseli 24, inapiga picha tano kwa sekunde na ni nyepesi mkononi. Betri yake kwa kipimo cha kiwanda inafikisha picha 1,550 kwa chaji moja. 2000D inaishia 500. Kwa mwalimu anayetoka na watoto kutwa nzima kwenye mashindano, hilo peke yake ni sababu. Ina pia modi ya Guide inayomwelekeza anayeanza hatua kwa hatua, na kwa uzoefu wangu inafundisha kweli.

Tatizo ni lenzi. D3500 haina mota ya fokasi ndani ya mwili wake. Lenzi za Nikon zinazoanza na AF-S au AF-P zina mota yao wenyewe, zitafanya kazi. Hiyo ya herufi D mwishoni inategemea mota ya kamera, kwa hiyo kwenye D3500 utazungusha fokasi kwa mkono kila picha. Watoto wanaokimbia hutawapata. Igeuze lenzi uangalie upande unaoshikana na kamera: ukiona kwenye ukingo wa chuma kitundu chenye mfereji, mfano wa kichwa cha skrubu, basi ndiyo hiyo isiyokufaa. Mwombe apunguze bei ya lenzi hiyo au aibakishe, nawe utafute AF-S 35mm f/1.8G ya DX, yaani ya kamera zenye sensa ya ukubwa wa D3500. Kwa darasani na msikitini 35 itakufaa kuliko 50, haibani.

D3500 nayo haina tundu la maikrofoni. Kama maulidi unataka kurekodi kwa sauti nzuri, chukua kinasa sauti kidogo ukiweke karibu na msomaji. Nikon wameshaacha kuitengeneza kamera hii, lakini betri yake, EN-EL14a, ndiyo inayotumika pia kwenye D5300 na D5600, kwa hiyo haitakuwa shida kuipata.

Kabla ya kulipa, piga picha moja, ichukue ikiwa haijapita kwenye programu yoyote, uifungue kwenye kompyuta kwa programu inayosoma taarifa za picha. Nikon inaandika humo shata, yaani pazia linalofunguka kila unapopiga, imefunguka mara ngapi. Shata za daraja hili zilijaribiwa kiwandani kwa mara 100,000. Akisema "nimeitumia kidogo" na namba ikasema 80,000, umeshajua la kumwambia. Kisha weka tundu f/16, piga anga jeupe au ukuta mweupe, ikuze picha. Madoa meusi yanayojirudia mahali pale pale katika kila picha ni vumbi juu ya sensa. Linasafishika na fundi, si la kukimbiwa, ila linapunguza bei.

Shikamoo Mwalimu. Naambiwa kamera zenye kioo ndani zimekufa, sasa ni zile zisizo na kioo. Nikinunua ya zamani si nitakuwa nimetupa hela?
*Mwanafunzi wa chuo, Mwanza*

Marahaba. Kioo hicho ndicho kinachopeleka picha kwenye kitundu cha kuchungulia, na 2000D na D3500 zinacho. Ni kweli Canon na Nikon wamehamishia nguvu zao kwenye zisizo nacho, kampuni zote mbili zilianza safari hiyo kwa kishindo mwaka 2018. Lakini hizo zenye kioo hazijaacha kupiga picha, na kwa sababu matajiri wanahama, za mtumba zinashuka bei na kutufikia sisi. Lenzi pia hutazipoteza. Za Canon EF na EF-S zinavaa kwenye kamera zao mpya zisizo na kioo, za R, kwa adapta na fokasi inaendelea kufanya kazi. Kwa Nikon kuna adapta ya FTZ, ambayo inakubaliana na lenzi za AF-S. Za herufi D nilizomweleza mwalimu wa Likoni zitabaki za mkono huko pia. Kwa hiyo weka pesa yako zaidi kwenye lenzi, na mwili wa kamera chukua unaoumudu leo. Ukisubiri ya ndoto yako utamaliza chuo hujapiga hata mahafali yako.

Asalaam aleikum Bi. Nimenunua kamera ya mtumba na lenzi ya 18-55. Nikiimulika lenzi naona vinyuzinyuzi ndani kama utando. Fundi mmoja anasema ni vumbi, nisijali. Picha zinatoka, ila jua likiwa mbele zinafifia.
*Msomaji wa Mji Mkongwe, Zanzibar*

Waaleikum salaam. Vumbi hukaa kama chembe. Vinyuzi vinavyotambaa kutoka ukingoni ni fangasi, na maelezo yako ya picha kufifia ukilielekea jua yanathibitisha. Pwani yetu unyevu ni mwingi mwaka mzima, na lenzi iliyofungiwa kabatini kwenye mkoba wa ngozi ndipo fangasi wanapostawi. Ikiachwa, wanakula rangi nyembamba iliyopakwa juu ya vioo na alama yake haitoki tena.

Fundi anaweza kuifungua na kuisafisha, lakini kwa 18-55 ya kawaida ufundi unaweza kukaribia bei ya lenzi nyingine ya mtumba. Uliza bei kwanza. Wakati unaamua, itenge na lenzi zako nyingine, usiiweke mkoba mmoja nazo.

Kwa zilizo nzima, nunua kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana, weka humo kamera na lenzi pamoja na silika jeli ya rangi. Ile ya buluu ikigeuka waridi, au ya machungwa ikigeuka kijani, imeshanywa unyevu wake: ikaushe kwa moto mdogo hadi rangi irudi, uitumie tena. Itoe kamera mara kwa mara uitumie, ipate hewa. Ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kwenda nje, iache ndani ya mkoba uliofungwa hadi ipate joto la nje, la sivyo vioo vitatoka jasho. Na ufukweni usibadilishe lenzi kwenye upepo. Kamera za daraja hili hazina kinga ya maji wala mchanga, kwa hiyo ingia kwanza ndani ya gari au dukani kwa mtu, elekeza mdomo wa kamera chini, ndipo ubadilishe.